Ufa na Utepe

Mtaa wa Newtown, ulio magharibi ya kitovu cha Johannesburg, umeitwa Mji Mpya tangu Oktoba 1904. Ni jina la kushangaza kwa mahali penye matofali yaliyochakaa namna ile, na mgeni anaweza kudhani ni kiburi cha wachimba dhahabu, ambao kila walichokigusa walikiona kimezaliwa jana. Kumbe jina hilo lilitolewa ili kufuta jingine. Miezi michache tu kabla ya hapo, palikuwa na makazi ya Wahindi, Waafrika na maskini wengine, na baraza la jiji lilikuwa limeyateketeza kwa moto.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa sababu mna ndani yake karibu kila jambo linalohitajika kujulikana kuhusu namna serikali za mitaa zinavyopanga vipaumbele vyao. Wakazi wa Kihindi walikuwa na hati za kupangisha viwanja kwa miaka 99. Baraza la jiji likaamua kwamba eneo hilo ni chafu, likapata mamlaka ya kulitwaa, na ilipofika mwisho wa Septemba 1903 likawa ndilo mwenye nyumba. Waliokuwa na viwanja vyao wakageuka wapangaji wa baraza. Kwa kuwa hawakuonyeshwa mahali pengine pa kwenda, walibaki palepale. Na kwa kuwa nyumba hazikuwa zao tena, hakuna aliyeona sababu ya kuzuia watu wasizidi kurundikana. Usafi nao ukazorota. Baraza lilikwisha kuazimia kupabomoa, na ni mhasibu gani atakayeidhinisha fedha za kufagia mahali patakapobomolewa?

Mohandas Gandhi, aliyekuwa na ofisi ya uwakili mjini humo, alimwandikia mganga mkuu wa jiji mwezi Februari 1904 kumtahadharisha juu ya msongamano na uchafu wa eneo lile. Mwezi Machi tauni ikaingia, kwa kupitia wafanyakazi wa Kihindi waliorudi wagonjwa kutoka mgodi wa dhahabu. Gandhi na wenzake wachache walivunja kufuli ya nyumba tupu na kuwalaza wagonjwa humo. Baadaye baraza likawapa ghala, lakini halikulisafisha. Waliojitolea kuuguza walilisafisha wenyewe kwanza, ndipo wakaingiza wagonjwa, na wengi wa wagonjwa hao walifariki. Kisha wakazi wote wakahamishiwa kwenye mahema huko Klipspruit, kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi, jirani na shamba la majitaka ya jiji, na makazi yao yakatiwa moto. Baadhi yao walikuwa wameficha akiba zao ardhini. Zilipofukuliwa, sarafu hizo zilibidi zitiwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kupelekwa benki. Kambi ya Klipspruit ndiyo mbegu iliyoota ikawa Soweto.

Kwa hiyo baraza ambalo halikuwa na fungu la mzoa taka lilipata fungu la mahema, la walinzi, la zimamoto, na hatimaye la mji mpya mzima. Fedha zilikuwapo. Zilikuwa zinangoja tukio kubwa la kutosha kuzitoa.

Methali ya Waswahili kuhusu ufa na ukuta inajulikana na kila mtoto, na pengine ndiyo methali inayoandikwa mara nyingi zaidi katika insha za shule za msingi. Inamtisha msikilizaji kwa gharama: asiyeziba ufa atalazimika kujenga ukuta, na ukuta ni ghali. Aliyeitunga hakumfikiria diwani. Kwa diwani, kujenga ukuta si adhabu. Ukuta una zabuni, una mkandarasi, una jiwe la msingi lenye jina, una siku ya kukata utepe mbele ya kamera. Ufa uliozibwa vizuri hauonekani, na mtu hawezi kuomba kura kwa kitu kisichoonekana.

Newtown ni mahali pazuri pa kutazamia jambo hili kwa sababu ni mtaa mdogo ambao umejengwa upya mara nyingi, na aghalabu kwa fedha za umma. Baada ya moto wa 1904, baraza lilipaweka palepale vile vitu ambavyo jiji haliwezi kuishi bila navyo. Mwaka 1913 likajenga soko kubwa la chakula. Likajenga vituo vya umeme, na kile cha barabara ya Jeppe, cha mwaka 1927, bado ukumbi wake wa mitambo umesimama. Na kando ya umeme likajenga kambi ya wanaume weusi waliouzalisha, vibarua wa jiji walioletwa kutoka vijijini bila wake zao. Kambi hiyo leo ni Makumbusho ya Wafanyakazi. Vitanda vya zege na mbao vingalipo, vimepangwa kwa safu, na kipo pia chumba walimofungiwa waliokosea. Hatua chache kutoka hapo zipo nyumba ndogo nadhifu za mafundi wa Kizungu walioajiriwa na idara ileile, kila moja na mlango wake. Anayetaka kusoma bajeti ya Johannesburg ya zama zile hana haja ya kufungua jalada lolote. Na apime tu umbali kati ya kitanda kimoja na kingine.

Soko lilihamia City Deep katika miaka ya 1970, na jengo likabaki tupu. Mwaka 1976, mwaka uleule wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi, Barney Simon na Mannie Manim pamoja na wenzao walilichukua ganda hilo na kulifanya ukumbi wa maigizo, Market Theatre, ambamo weusi na weupe waliketi pamoja wakati sheria haikutaka waketi pamoja. Wasomaji wa Afrika Mashariki walioitazama filamu ya Sarafina! mpaka wakaikariri huenda hawajui kwamba ilianza kama mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema ndani ya soko hilo la matunda, mwaka 1987. Inafaa ikumbukwe kwamba kitu kilichoipa Newtown jina lake duniani hakikutoka katika mpango wowote wa uchumi wa jiji. Kilitoka kwa watu waliopata jengo kuukuu, wakachangisha fedha, wakalikarabati.

Mpango wa uchumi ulikuja baadaye, na haukuwa mpango wa kipumbavu. Mwanzoni mwa karne hii serikali ya mkoa wa Gauteng ilianzisha programu ya uwekezaji iliyoitwa Blue IQ. Hoja yake ilikuwa kwamba mkoa hauwezi kutegemea dhahabu milele. Lazima fedha za umma zijenge miundombinu itakayowavuta wawekezaji. Katika orodha moja yaliwekwa mambo yasiyofanana hata kidogo: treni ya kasi ya Gautrain, eneo la viwanda vya magari la Rosslyn, ukanda wa uwanja wa ndege, na Newtown, iliyotakiwa iwe mtaa wa utamaduni. Jiji nalo likaunda wakala wake wa maendeleo mwaka 2001. Barabara zikawekewa taa, uwanja wa Mary Fitzgerald ukasakafiwa upya. Tarehe 20 Julai 2003 Nelson Mandela, siku mbili baada ya kutimiza miaka 85, akazindua daraja linaloitwa kwa jina lake, lenye urefu wa mita 284, lililobebwa na nyaya juu ya njia nyingi za reli zilizokuwa zimeitenga Newtown na Braamfontein kwa muda mrefu.

Na kwa kiasi fulani hesabu zilitimia. Kampuni ya dhahabu ya AngloGold Ashanti ilihamishia makao yake makuu katika ukumbi ule wa mitambo. Klabu ya muziki ya Bassline ikahamia mtaani mwaka 2004, na baadaye sanamu ya Brenda Fassie ikawekwa nje yake, ameketi, na kando yake kigoda kitupu kwa yeyote anayetaka kupiga picha naye. Mwaka 2014 likafunguliwa jengo kubwa la maduka na ofisi, Newtown Junction. Wenye kubeza miradi ya namna hii wana kawaida ya kusema kwamba haikuleta chochote. Si kweli. Ilileta. Jambo la kuuliza ni kilichotokea baada ya kuleta.

Hapo ndipo lugha yenyewe ya bajeti inapostahili kutazamwa, na Kiswahili kinalifichua jambo hili kuliko lugha nyingine. Katika vitabu vya bajeti vya Tanzania, na vya Kenya vivyo hivyo, fedha hugawanywa mafungu mawili: matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kujenga daraja ni maendeleo. Kubadilisha taa iliyoungua juu ya daraja hilo, kuzibua mtaro wake, kumlipa anayekagua nyaya zake, ni kawaida. Neno limekwisha kutoa hukumu kabla mjumbe hajasimama kuchangia hoja. Nani atakayetetea kawaida dhidi ya maendeleo? Sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma inazitaka serikali za kaunti zitenge walau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na shabaha yake ni njema, kuzuia fedha zote zisiishie katika mishahara na posho. Lakini sheria hiyo haikuweka sakafu ya namna hiyo chini ya matengenezo. Kaunti inaweza kutimiza asilimia zake kwa kujenga zahanati mpya kila mwaka huku za zamani zikivuja, na mkaguzi asione kosa.

Afrika Kusini, kusema haki, haikuliacha jambo hili bila kipimo. Hazina ya Taifa huzielekeza halmashauri zitumie kila mwaka kiasi cha asilimia 8 ya thamani ya mali zao katika ukarabati na matengenezo. Johannesburg imekuwa chini ya kiwango hicho mwaka baada ya mwaka. Hili si jiji la kusingizia umaskini kwa urahisi: bajeti yake ya 2023/24 ilipita randi bilioni 80, na sehemu kubwa ya mapato hayo inakusanywa na jiji lenyewe kwa kodi ya majengo na kwa kuuza umeme na maji. Halmashauri za Dar es Salaam, ambazo kodi yao ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016 na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, zingeweza kulionea wivu. Hata hivyo malimbikizo ya miundombinu ya Johannesburg isiyokarabatiwa yamekadiriwa na jiji lenyewe kuwa zaidi ya randi bilioni 200. Yaani hata kama jiji lingeacha kumlipa kila mfanyakazi na kununua kila kitu, likakaa kimya miaka miwili mizima, deni la nyufa lisingekwisha. Zaidi ya asilimia 40 ya maji linayoyanunua hayaliingizii senti, na mengi yake yanavuja ardhini.

Tarehe 19 Julai 2023, jioni, watu wakiwa wanatoka kazini, barabara ya Lilian Ngoyi ililipuka. Barabara hiyo ndiyo inayopita mbele ya jengo la soko la zamani. Mlipuko ulitokea mashariki zaidi, katikati ya jiji. Gesi iliyokusanyika katika handaki lililopitisha huduma chini ya lami iliwaka, na lami ikapasuka kwa mitaa kadhaa, ikazirusha na kuzipindua teksi za abiria kama vifuu. Mtu mmoja alikufa, makumi wakajeruhiwa. Ilibaki siku moja daraja la Mandela litimize miaka 20.

Kulingana kwa tarehe hizo ni bahati tu, na haifai kulazimishwa maana. Lakini ni vigumu kutolinganisha vitu vyenyewe. Juu, daraja ambalo picha yake imo katika kila kitabu cha watalii, na ambalo nalo limeibiwa nyaya na vyuma mara kwa mara. Chini, handaki ambalo hakuna aliyewahi kulikatia utepe. Abiria waliorushwa hewani walikuwa wakielekea Soweto na kwingineko kulikoanzishwa kwa mahema ya 1904. Mwaka mzima ulipita baada ya hapo barabara ikiwa ingali imefungwa, mkandarasi akaondoka, ahadi za tarehe zikafuatana. Wachuuzi walioishi kwa wapita njia hawakuwa na wapita njia.

Wiki sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, jengo la Usindiso katika mtaa wa Marshalltown liliwaka moto na watu 76 wakafa. Wengi walikuwa wahamiaji: Wamalawi, Watanzania, na wengineo. Jengo hilo lilikuwa mali ya jiji. Zamani za ubaguzi lilikuwa ofisi ambako mtu mweusi alikwenda kuomba pasi ya kuruhusiwa kuwapo mjini. Baadaye likawa makimbilio ya wanawake. Kisha likaachwa, na walioachwa nalo wakajigawia vyumba kwa mbao na maboksi. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ililiona jiji, likiwa mwenye nyumba, kuwa na lawama. Baraza lililotwaa nyumba, likaacha kuzisafisha, watu wakarundikana, kisha moto: msomaji amekwisha kuisoma hadithi hii juu kabisa ya makala hii, na miaka 119 imepita katikati. Tofauti ni kwamba mwaka 1904 watu walitolewa kwanza.

Mwezi Septemba wa mwaka huohuo moto mwingine ukazuka katika makao makuu ya baraza lenyewe, Metro Centre, huko Braamfontein, ng'ambo ya daraja. Watumishi wakaondolewa. Jiji lisilotunza majengo likakosa jengo.

Zipo sababu za kisiasa zinazotajwa sana, na zina ukweli wake. Tangu uchaguzi wa 2016, ambapo hakuna chama kilichopata wingi wa kutosha, Johannesburg imepitisha meya wasiopungua wanane katika miaka minane, wawili kati yao wakifariki katika mwaka mmoja wa 2021. Meya anayehesabu siku zake kwa miezi hawezi kupanda mti wa miaka 20. Lakini maelezo haya yanawapa nafuu isiyo haki viongozi waliotangulia. Meya Amos Masondo alikaa madarakani tangu 2000 hadi 2011, na zege na mabomba yaliyozeeka hadi leo yalikuwa yanazeeka wakati wake pia, Kombe la Dunia likikaribia na mabasi ya Rea Vaya yakizinduliwa Agosti 2009. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Na miji ya Afrika imeifanya kauli hiyo kuwa sera ya fedha. Mwezi Machi 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliwaambia viongozi wa Johannesburg kwamba hali ya jiji haikumpendeza, na sababu mojawapo ya kulisema wakati ule ni kwamba wakuu wa G20 walikuwa wanatarajiwa Novemba. Wakazi walikuwa wameiona hali hiyo bila msaada wa G20.

Dar es Salaam haina la kuchekea. Mabasi ya Mwendokasi yalianza mwaka 2016 yakiwa 140, mapya, yenye kung'aa, na karakana yao ikiwa Jangwani, bonde ambalo kila mzee wa Magomeni angeweza kueleza, bila ada ya ushauri, kwamba hufurika. Likafurika. Mabasi yakazama maji. Abiria wa Kimara waliorudi kugombania madirisha hawakuwa wamekosa maendeleo. Walikuwa wamekosa kawaida.

Na bado Tanzania ina kitu kimoja ambacho Johannesburg ingefaa kukitazama. Mfuko wa Barabara ulianzishwa kwa sheria mwishoni mwa miaka ya 1990, ukalishwa kwa tozo ya mafuta, na kazi yake kuu ikatajwa kuwa matengenezo. Fedha zake hugawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, wakala ulioundwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hazitoshi, na kila mvua ya masika huthibitisha hivyo. Lakini zina kufuli. Waziri anayetamani uwanja wa mpira hawezi kuzigeuza asubuhi moja. Johannesburg mambo ni kinyume: kampuni ya maji ya jiji hukusanya ankara kwa wateja, fedha zinafagiliwa kuingia katika akaunti ya pamoja ya jiji, na kampuni hubaki ikilidai jiji mabilioni ya randi huku mabomba yakipasuka. Mwenye nyumba analipa maji. Malipo yake yanaweza kuishia popote pale ila kwenye bomba.

Ni jambo dogo, kufuli. Halina sura ya kuwekwa katika bango la uchaguzi. Hata wachumi huliona la kizamani, kwa sababu hulinyima baraza uhuru wa kuhamisha fedha kwenda mahali zinapohitajika zaidi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama uhuru huo ungewahi kutumika kuhamisha fedha kutoka kwenye utepe kwenda kwenye ufa.

Mwendo mfupi kutoka mpaka wa mashariki wa Newtown ipo Maktaba ya Umma ya Johannesburg, jengo la mwaka 1935. Lilifanyiwa ukarabati mkubwa, likafunguliwa upya mwaka 2012, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Mwaka 2020 likafungwa kwa sababu ya korona, kama maktaba zote duniani. Zote zikafunguliwa. Hiyo ikabaki imefungwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ikisemekana kuwa mfumo wake wa kuzuia moto si salama. Wanafunzi waliokuwa wakisomea humo kwa sababu nyumbani hakuna meza wala umeme wa uhakika wakatafuta pa kwenda. Wananchi waliopenda jengo hilo waliandika barua, wakasimama na mabango kwenye ngazi zake, wakauliza tarehe. Machi 2025 sehemu yake ikafunguliwa. Hawakuwa wameomba maktaba mpya. Walichokuwa wakidai ni kwamba milango ya ile waliyo nayo ifunguke asubuhi.